Swali Mlangoni mwa Hospitali: Funzo kutoka Gulu, 2000

Tunapoisoma historia ya nchi jirani, aghalabu tunajifunza habari za marais, vita na mipaka. Leo nakualika tuutazame mlango wa hospitali. Wakati wa ugonjwa wa mlipuko, ni hapo ndipo kila anayefika huulizwa maswali machache: Je, una homa? Je, umemuuguza mtu mwenye dalili kama zako, au umeosha maiti? Kwa majibu yake huelekezwa mahali pa kungojea. Kazi hii ya kuwachambua wagonjwa haina makuu, lakini ikipuuzwa hospitali yenyewe hueneza maradhi.

Mfano wa kwanza ni Yambuku, kaskazini mwa Kongo, nchi ambayo mwaka 1976 iliitwa Zaire. Katika hospitali ya misheni ya huko, wauguzi walipewa sindano 5 tu kila asubuhi, nazo zilitumiwa mtu baada ya mtu. Ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola uliwapata watu 318, na 280 kati yao wakafariki. Watumishi 11 kati ya 17 wa hospitali hiyo walikufa, ikalazimika kufungwa. Mwaka 1995 mjini Kikwit, nchini humo humo, waliougua walikuwa 315, na 80 miongoni mwao walikuwa watumishi wa afya. Watu walikwenda kutafuta uponyaji, wakarudi nyumbani na maambukizi.

Sasa tuvuke mpaka tuingie Uganda. Mwaka 2000 wilaya ya Gulu ilikuwa imeteseka kwa vita vya miaka mingi, na usiku maelfu ya watu walikuwa wakilala katika uwanja wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, kwa kuogopa waasi. Mapema mwezi Oktoba wanafunzi wa uuguzi wa hospitali hiyo walianza kufa kwa ugonjwa usioeleweka. Mganga mkuu, Dkt. Matthew Lukwiya, alikuwa masomoni Kampala. Alipoitwa alirudi mara moja, akapitia majalada ya wagonjwa pamoja na wenzake, wakaona dalili zinazofanana. Hawakusubiri majibu ya maabara: walifungua wodi ya kuwatenga walioshukiwa, na watumishi waliojitolea wakavaa glavu, barakoa na gauni. Katikati ya mwezi huo maabara ya Afrika Kusini ilithibitisha kwamba ni Ebola.

Tafakari ugumu wa uamuzi uliowakabili. Homa, kutapika na kuhara ni dalili za Ebola, lakini pia huonekana kwa mgonjwa wa malaria au wa homa ya matumbo. Ukimlaza mwenye Ebola katika wodi ya kawaida, umewahatarisha wote waliomo. Ukimlaza mwenye malaria kando ya mwenye Ebola, umempa ugonjwa ambao hakuja nao. Ndiyo maana kanuni za kazi hii zinataka anayeshukiwa asichanganywe na wagonjwa wa kawaida, wala na wale ambao vipimo vimekwisha kuthibitisha ugonjwa wao. Mlangoni haiulizwi tu, "Huyu anaumwa nini?" Huulizwa pia, "Akae wapi mpaka tujue?"

Neno kuchambua lisikupotoshe. Achambuaye mchele hutupa mawe, ila hospitali haimtupi mtu. Anayetengwa anastahili maji, chakula, dawa na maneno ya upole sawa na mwingine yeyote.

Gharama ya kazi hiyo ilikuwa kubwa. Watumishi zaidi ya 10 wa Lacor walifariki, wengi wao wauguzi. Inaaminika kwamba Dkt. Lukwiya aliambukizwa usiku mmoja alipokimbilia kumsaidia muuguzi mgonjwa bila kuvaa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Mwishoni mwa Februari 2001 ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Katika Uganda nzima watu 425 waliugua na 224 wakafariki. Hata hivyo, Lacor haikufungwa kama Yambuku ilivyofungwa.

Historia hii inatuhusu sisi raia. Virusi havisimami mpakani kuonyesha pasipoti: mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg, ulio jamii moja na Ebola, ulithibitishwa mkoani Kagera, Tanzania. Siku utakapoulizwa mlangoni mwa hospitali umetoka wapi na umemgusa nani, usidhani unadharauliwa, wala usifiche msiba wa nyumbani kwa hofu ya kutengwa. Ukweli wako ni kinga ya muuguzi aliye mbele yako na ya mtoto anayengoja nyuma yako. Nawe una haki ya kuidai serikali yako iwape watumishi hao glavu za kutosha, mafunzo na malipo yao kwa wakati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Lacor ufa ulizibwa mapema, na waliouziba walijua hatari yake.