Rangi na Nasaba: Uainishaji wa Mwani wa Kahawia, 1836–2010

Mwaka 1836, mtaalamu wa mimea wa Ireland, William Henry Harvey, aliugawa mwani mkubwa wa bahari kwa rangi: wa kijani, mwekundu na wa kahawia. Dayatomu za seli moja aliziweka katika kundi la nne. Kwa macho ya leo kigezo hicho ni chepesi mno, lakini kundi la kahawia lingali limesimama. Kwa nini?

Uchunguzi wa umbo pekee haukuweza kujibu. Mwaka 1915 Mfaransa Camille Sauvageau alionyesha kuwa mwani mkubwa wa jamii ya Laminaria huishi vizazi viwili visivyofanana: kimoja kirefu chenye kutoa spora, kingine cha kuonekana kwa hadubini tu, ambacho ndicho hutoa gameti. Waainishaji waliotegemea miamba ya pwani walikuwa wakitazama nusu ya maisha.

Jenomu ya kwanza ya kundi hili ilichapishwa mwaka 2010 na timu iliyoongozwa kutoka kituo cha Roscoff, Ufaransa. Ilikuwa ya Ectocarpus, mwani mdogo wa nyuzinyuzi unaokuzwa kwa urahisi maabarani, wenye takriban jeni 16,000. Miongoni mwazo ni jeni za kinasi-pokezi, yaani protini zinazopokea ishara kwenye utando wa seli. Protini za namna hiyo ziliibuka kivyake pia kwa mimea na kwa wanyama. Mwani wa kahawia, basi, ulijenga mwili wa seli nyingi kwa njia yake wenyewe.

Rangi nayo ina historia ya kukopa. Kloroplasti za mwani huu asili yake ni mwani mwekundu uliomezwa na seli nyingine zamani sana, na ukahawia hutokana na fukozanthini, ambayo dayatomu nazo wanayo. Hapa ndipo sifa za Harvey zinapohitaji kupunguzwa: rangi iliwaweka ndugu pamoja, lakini mgawanyo wake ukawatenga na binamu zao dayatomu. (Neno la Kiswahili “mwani” hutenda kinyume: hujumuisha mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar na Sargassum wa kahawia, ijapokuwa nasaba zao zimeachana mbali.)

Jina la spishi lenyewe halikudumu. Mwani uliosomwa, wenye asili ya Peru, ulichapishwa kama Ectocarpus siliculosus. Baadaye ukabainika kuwa spishi nyingine.