Seremala Aliyewafundisha Waganga wa Moyo

Sisi walimu tumezoea kudhani ya kuwa mafundisho hukaa mahali pawili tu, yaani ubaoni na kitabuni. Lakini mtu akiingia hospitali na kutazama kwa makini, ataona mafundisho mengine yasiyohitaji ubao. Mwuguzi mzee humwekea mwuguzi kijana vidole juu ya mkono wa mgonjwa ili ayasikie mapigo ya damu; mganga husimama kando ya kitanda, na wanagenzi wake wamemzunguka, kila mmoja akiulizwa aonavyo. Mafundisho hayo yana historia yake, na katika historia hiyo yumo mtu mmoja ambaye twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake mwezi huu, kwa kuwa aliwafundisha kupasua waganga ambao baadaye walijulikana dunia nzima, na yeye mwenyewe hakuwa mganga.

Hapo zamani wanafunzi wa uganga katika Ulaya walisomewa vitabu vya Kigiriki na Kilatini, hata mwingine aliweza kumaliza masomo yake pasipo kumgusa mgonjwa. Katika mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi, Herman Boerhaave alianza mwaka 1714 kuwafundisha wanafunzi mbele ya vitanda. Vitanda vyenyewe vilikuwa 12 tu, sita vya wanaume na sita vya wanawake, lakini vijana walitoka nchi nyingi kuja kuvizunguka, nao waliporudi kwao wakaichukua desturi ile mpaka Edinburgh na Vienna. Miaka mingi baadaye William Osler, mtu wa Kanada, aliitwa kufanya kazi katika hospitali mpya ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889. Shule ya waganga ilipofunguliwa hapo mwaka 1893, Osler aliwatoa wanafunzi katika chumba cha hotuba akawapeleka wodini, kila mmoja apewe wagonjwa wake wa kuwaangalia. Alisema ya kuwa hatamani sifa nyingine kaburini pake ila hiyo, kwamba aliwafundisha wanafunzi wodini.

Bwana Johns Hopkins, tajiri aliyeacha mali yake ili hospitali hiyo ijengwe, aliandika katika barua yake ya mwaka 1873 kwamba maskini wapokelewe humo bila kutazama rangi yao. Walipokelewa, lakini wodi zilitengwa, weupe kwao na weusi kwao. Na mtu mweusi aliyeajiriwa pale kwa kawaida alishika ufagio. Osler aliondoka Baltimore mwaka 1905. Baada ya miaka 36 aliingia katika hospitali hiyo mtu tumtakaye, Vivien Thomas.

Thomas alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Louisiana, akakulia Nashville, mji wa jimbo la Tennessee. Babu yake alikuwa amezaliwa utumwani. Wazazi wake walitazamia mtoto wa kike na jina la kike walikuwa wamekwisha kulichagua. Alipozaliwa mvulana walibadili herufi moja tu, jina likabaki. Baba yake alikuwa seremala, naye akamfundisha mwanawe kazi hiyo tangu utotoni, kupima, kukata na kulainisha mbao. Twaomba msomaji aikumbuke sana kazi hiyo ya useremala, maana ndiyo shule ya kwanza ya mikono yake. Kijana alimaliza shule mwaka 1929, akiwa na nia ya kwenda chuo na kisha kusomea uganga, na kwa ajili hiyo alikuwa akiweka akiba benki. Mwaka ule ule biashara ya Marekani ikaanguka. Kazi ya useremala ikakosekana, na mwaka 1930 benki nayo ikavunjika, akiba yake yote ikapotea.

Mwezi wa Februari mwaka 1930 rafiki alimwambia ya kuwa katika chuo cha Vanderbilt, papo hapo Nashville, mganga mmoja anahitaji kijana wa kumsaidia katika chumba chake cha majaribio. Mganga huyo alikuwa Alfred Blalock, mwenye umri wa miaka 30. Thomas alikuwa na miaka 19. Mshahara ulikuwa dola 12 kwa juma, kidogo kuliko alivyopata kwa useremala, lakini alidhani atakaa muda mfupi tu mpaka nyakati ziwe njema.

Hapo ndipo twaona jinsi fundi amfundishavyo mwanagenzi. Siku ya kwanza Blalock hakumpa hotuba wala kitabu. Alimruhusu asimame karibu alipokuwa akifanya jaribio lake juu ya mbwa, na jioni akamwambia ya kuwa kesho asubuhi watafanya jingine, na yeye Thomas ndiye atakayemlaza mnyama kwa dawa ya usingizi na kutayarisha kila kitu. Kijana yule aliyekuwa hajawahi kushika kisu cha mganga, baada ya majuma machache alikuwa akipasua peke yake. Mganga mwingine kijana, Joseph Beard, alimfundisha maumbile ya mwili na jinsi viungo vifanyavyo kazi, naye Thomas akasoma vitabu vya waganga huku akitenda. Mambo aliyoyafanya vibaya alielezwa sababu yake, akayafanya tena.

Hata hivyo siku moja, mwanzoni kabisa, Blalock alikasirika kwa ajili ya kosa fulani, akamtolea maneno ya matusi. Thomas alikwenda kubadili nguo zake, akamwendea bwana wake na kumwambia alipwe haki yake aende zake, kwa kuwa hakulelewa katika maneno ya namna ile. Blalock aliomba radhi, akaahidi kuuchunga ulimi wake, akamsihi arudi kazini. Kwa maoni yetu, kazi yao yote ya miaka 34 iliyofuata ilisimama juu ya dakika zile chache. Mwanagenzi atukanwaye hujifunza kuficha makosa yake, na katika kazi ya hospitali kosa lililofichwa huua mtu.

Pamoja wawili hawa walichunguza hali imjiayo mtu aliyeumia vibaya, ambaye mwili hupoa, mapigo hudhoofika, naye hufa ingawa jeraha lake lilionekana si la kuua. Wengine walidhani sumu hutoka katika jeraha. Wao walionyesha ya kuwa sababu ni kupotea kwa damu na maji ya mwili, basi dawa yake ni kumrudishia. Maarifa hayo yalisaidia kuokoa askari wengi katika vita vya mwaka 1939 hata 1945. Lakini katika daftari la mishahara ya chuo Thomas aliandikwa kama mfagiaji.

Mwaka 1941 Blalock aliitwa Baltimore awe mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins, akasema Thomas lazima aende naye. Thomas akahama na mkewe na watoto. Alipopita mara ya kwanza katika njia za hospitali hiyo amevaa koti jeupe la kazi, watu walisimama kumtazama, maana hawajapata kumwona mtu mweusi katika vazi lile.

Katika hospitali hiyo alikuwako mganga wa watoto, bibi Helen Taussig. Bibi huyu alikuwa amepungukiwa nguvu ya masikio, hata akajizoeza kuyatambua mapigo ya moyo kwa vidole vyake. Wagonjwa wake wengi walikuwa watoto waliozaliwa na moyo wenye kasoro: njia ya damu iendayo mapafuni ni nyembamba mno, na ukuta wa ndani ya moyo una tundu, basi damu huzunguka bila kupata hewa ya kutosha. Midomo na kucha zao hugeuka rangi ya buluu. Wakitembea hatua chache huchuchumaa wapate kupumua. Na wakati ule wengi wao walikufa utotoni. Mwaka 1943 bibi Taussig aliwauliza Blalock na Thomas kama hapana njia ya kupeleka damu zaidi mapafuni, kama mafundi wa mabomba wabadilivyo njia ya maji.

Kazi ya kuitafuta njia hiyo alipewa Thomas. Kwanza ilimpasa kufanya mbwa awe na ugonjwa ufananao na ule wa watoto, ndipo atafute kumponya. Njia yenyewe ilikuwa kuuchukua mshipa wa damu uendao mkononi, kuukata na kuushona ubavuni mwa mshipa uendao mapafuni, ili damu iliyokwisha kupita irudi kupata hewa tena. Ni rahisi kuisema. Mishipa ya mtoto ni myembamba, na sindano za wakati ule zilikuwa kubwa mno. Thomas alizikata zikawa fupi, akazinoa upya, na vibanio akavirekebisha vifae. Tunapoyasoma haya twamwona seremala wa Nashville. Alifanya kazi hiyo karibu miaka miwili, juu ya mbwa wapata 200, na mmoja aliyeishi muda mrefu, jina lake Anna, picha yake ilitundikwa katika hospitali.

Tarehe 29 Novemba 1944 mtoto wa kike asiyetimiza miaka miwili, dhaifu kabisa, aliletwa katika chumba cha kupasulia. Blalock mwenyewe alikuwa amefanya upasuaji ule mara moja tu, juu ya mbwa, tena akiwa msaidizi wa Thomas. Basi kabla hajaanza alitaka Thomas aitwe, akamweka juu ya kibao nyuma ya bega lake la kulia. Mkuu wa upasuaji, mbele ya waganga wote waliokuwapo, alikuwa akimwuliza mtu asiye na cheti: Je, tundu hili latosha? Uzi huu umepita sawa? Na alipoupeleka uzi kinyume, sauti ya nyuma yake ilimwambia geuza upande wa pili, naye akageuza.

Mtoto yule alitoka mzima, rangi yake ikapata nafuu. Lakini baada ya miezi michache ugonjwa ulirudi, na mwaka 1945 alifariki. Hatupendi kulificha jambo hilo, kama wengine wasimuliavyo habari hii kana kwamba wote waliishi kwa furaha. Mwezi wa Februari 1945 watoto wengine wawili walipasuliwa, na mmoja wao, mvulana wa miaka sita, alibadilika rangi papo hapo mezani, midomo yake ikawa myekundu. Habari zikaenea, na wazazi wakaja na watoto wao hata kutoka ng'ambo ya bahari.

Mwaka huo huo habari za upasuaji zilichapwa katika gazeti la waganga, na majina yaliyoandikwa yalikuwa mawili, Blalock na Taussig. Jina la Thomas halikuwamo. Sisi twamhesabu Blalock kuwa mwalimu mwema, lakini kwa nusu: mikono yake yote miwili aliifungua kumpa Thomas kazi, na kinywa chake mbele ya watu hakukifungua. Hata siku moja alipouchunguza upasuaji mwingine wa Thomas wa ndani ya moyo, asiweze kuona mahali uzi ulipopita, alisema ya kuwa kazi hii yafanana na iliyotengenezwa na Bwana Mungu mwenyewe. Lakini alimwambia Thomas, hakuwaambia waliochapa gazeti. Nyakati hizo Thomas alikuwa akiongeza mshahara wake kwa kugawa vinywaji katika karamu za nyumbani kwa Blalock, mbele ya waganga ambao mchana alikuwa amewafundisha. Mwishowe alisema atarudi kwenye useremala, kwa kuwa mshahara haukutosha kulisha nyumba yake, ndipo Blalock akamtafutia nyongeza kubwa. Alifikiri pia kuingia chuoni apate kusomea uganga. Alipohesabu miaka akaona atamaliza akiwa amefikia 50, akaacha.

Waganga vijana waliotaka kuwa wapasuaji walipitia katika chumba chake, wakasimama mezani pamoja naye. Mmoja wao, Denton Cooley, ambaye mwaka 1969 alikuwa wa kwanza kumtia mtu moyo wa kutengenezwa, alisimulia baadaye ya kuwa Thomas alipopasua hapakuwa na mwendo wa mkono uliopotea bure. Watu wa hospitali hata walimletea mbwa wao wa nyumbani wakiugua.

Blalock alifariki mwaka 1964. Thomas aliendelea kukiongoza chumba cha majaribio ya upasuaji mpaka mwaka 1979. Mwaka 1971 waganga aliowafundisha, wazee sasa, walikusanyika wakamtolea picha yake iliyochorwa kwa rangi, itundikwe katika hospitali pamoja na ile ya Blalock. Mwaka 1976 chuo kilimpa shahada ya heshima, nayo ikawa ya sheria, si ya uganga, kwa sababu ya kanuni zao. Ila kikamwandika pia kuwa mwalimu wa upasuaji, kazi aliyokuwa ameifanya tangu zaidi ya miaka 30. Alifariki tarehe 26 Novemba 1985, na kitabu alichoandika habari zake mwenyewe kilitoka siku chache baadaye. Siku hizi waganga wengi huuita upasuaji ule kwa majina matatu, Blalock, Thomas na Taussig.

Miongoni mwa vijana wa miaka yake ya mwisho alikuwamo Levi Watkins, mganga mweusi aliyefika Baltimore mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambaye Thomas alimpokea na kumshauri kama mwana. Mwezi wa Februari 1980 Watkins alikuwa wa kwanza kumwekea mtu mwilini chombo kirudishacho mapigo ya moyo yanapovurugika. Mwingine alikuwa Raymond Lee, ambaye kazi yake hapo kwanza ilikuwa kuendesha lifti ya hospitali. Thomas alimchukua katika chumba chake, akamfundisha kama yeye alivyofundishwa, akisimama karibu naye. Na Lee, bila shahada ya uganga, akawa msaidizi wa waganga katika upasuaji wa moyo wa hospitali ile ile.