Kupasua mboloko porini: nyama isiharibike, mkono usipate ugonjwa

Mboloko ni mnyama mdogo wa jamii ya swala, na katika msitu wa Ituri anaingia mara nyingi katika nyavu za Wambuti. Mkubwa anafikia kilo 4 ao 5 hivi. Udogo huo unadanganya watu: anabebwa mzima mpaka kijijini, mwendo wa saa nyingi, matumbo yakiwa bado ndani. Kumbe joto la mwili na majani yanayochacha tumboni yanaanza kuharibu nyama mara moja. Tumbo linavimba, harufu inaingia mpaka kwenye mapaja. Ndiyo sababu mwindaji mzoefu anamfungua karibu na pale alipomuulia.

Analazwa chali juu ya majani mapana, si juu ya udongo. Kisu kidogo chenye makali kinafaa kuliko panga. Ngozi inatobolewa kidogo chini ya mfupa wa kifua, vidole viwili vinaingia na kuiinua, halafu kisu kinapita katikati ya vidole, makali yakitazama juu, mpaka karibu na miguu ya nyuma. Hapo haraka haisaidii kitu: utumbo ao kibofu cha mkojo kikitoboka, uchafu unamwagika juu ya nyama. Njia ya haja kubwa inakatwa kwa kuizunguka na kufungwa kwa kamba, ndipo matumbo yote yanavutwa pamoja. Ngozi nyembamba inayotenga tumbo na kifua inakatwa, moyo na mapafu vinatoka. Kijiti kinawekwa kati ya mbavu ili hewa ipite. Wengi hawachuni mboloko, wanachoma manyoya tu. Si mbaya, lakini moto ule hauivishi ndani, kwa hiyo matumbo yatoke kwanza.

Hayo yote ni kwa mnyama aliyeonekana akikimbia, mwenye nguvu. Aliyeokotwa amekufa asiguswe wala asipasuliwe, hata kama bado ana joto. Kule Gabon na Kongo-Brazzaville, kati ya mwaka 2001 na 2003, watu walipata Ebola kisha kugusa mizoga ya gorila, sokwe na wanyama wa jamii hii ya mboloko. Kupika sana kunaua virusi hivyo, sawa, lakini mwenye kupasua amekwisha kugusa damu mbichi.

Kuna pia kimeta, ambacho waganga wa mifugo wanakiita sharboni. Mwezi wa Aprili 2025 kiliua viboko karibu 50 katika mbuga ya Virunga, upande wa mto Ishasha. Damu nyeusi isiyoganda, inayotoka puani ao nyuma, ni dalili yake. Ukifungua mzoga wa namna hiyo, vijidudu vinabaki katika udongo miaka mingi, na moshi wa kukausha nyama hauviui.

Mwenye kidonda mkononi amwachie mwenzake kisu. Kama glavu hazipatikani, mifuko ya plastiki isiyotoboka inasaidia kidogo. Watoto wakae mbali, na mikono ioshwe kwa sabuni mbele ya kugawa nyama. Mwindaji akipata homa siku zinazofuata, aende kituo cha afya na aseme wazi alipasua mnyama gani, hata kama anaogopa walinzi wa mbuga. Muganga asipoambiwa hivyo, atamtibu malaria tu.