Kutoka Chumba cha Eksirei hadi Mgodini: Neno "Mionzi" na Tahadhari ya Mabaki ya Urani Kusini mwa Tanzania

Insha hii inahoji jambo moja: mwanakijiji wa kusini mwa Tanzania anapoambiwa kwamba mabaki ya urani yana mionzi, analisikia neno gani? Katika Nyanda za Juu Kusini neno hilo halikutoka migodini. Hujulikana kwanza hospitalini, katika vyumba vya eksirei vya hospitali kama ile ya misheni ya Tosamaganga, karibu na Iringa. Huko mionzi ni chombo cha tabibu. Humulika kifua au mfupa uliovunjika, na mgonjwa hurudi nyumbani. Hata sheria ilitangulia mgodi. Tume ya Taifa ya Mionzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1983, wakati nchi haikuwa na mgodi wa urani. Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003 ndiyo iliyoleta Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Utafutaji wenyewe ulianza mapema. Ndege zilipima nchi kati ya 1976 na 1979, kisha kampuni ya Kijerumani ya Uranerzbergbau ikachunguza hadi 1982. Bei ya urani ilipopanda tena katika miaka ya 2000, macho yalielekezwa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia, ikikutana St Petersburg, ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous ubadilishwe ili eneo la mradi litolewe. Leseni ilifuata mwaka 2013. Mjadala wa kimataifa ulihusu tembo na mpaka kuliko kifua cha mchimbaji.

Kanuni za tathmini ya mazingira zinataka muhtasari wa Kiswahili usio wa kitaalamu. Sharti hilo ni jema, lakini uzito wa kazi umo katika lugha yenyewe. Urani ikishatolewa, takriban asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa katika mawe hubaki katika tope la mabaki, kwa kuwa thoriamu na radiamu hazikuondolewa. Radiamu hupungua nusu kwa muda wa miaka 1,600 hivi, nayo huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huvutwa pamoja na hewa. Picha ya eksirei hukoma mashine ikizimwa, tope halizimwi. Msikilizaji mwenye maana ya hospitalini pekee hawezi kulifikia hilo bila kuelezwa.

Wanavaho wa Marekani walikuwa na tatizo kubwa zaidi: lugha yao haikuwa na neno la mionzi. Kati ya 1944 na 1986 karibu tani milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa katika ardhi yao, na baadhi ya familia zilijenga nyumba kwa mawe ya migodi. Bwawa la mabaki lilipobomoka Church Rock, tarehe 16 Julai 1979, maji machafu yaliingia katika mto Puerco, walikonyweshea mifugo. Baadaye Wanavaho waliita urani leetso, uchafu wa njano, jina lililobeba onyo ndani yake.

Shinkolobwe, huko Katanga, kunasemwa Kiswahili, na bado onyo halikutosha. Mgodi ulifungwa rasmi, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti. Amri ya rais ya Januari 2004 iliwakataza. Julai mwaka huohuo shimo likaporomoka na kuua watu. Amri ilikuwa imekataza kazi iliyowalisha, na katazo pekee halimwelezi mtu kilichomo ndani ya jiwe alishikalo.

Kwa maoni yangu, neno la kuhofiwa zaidi si "mionzi" bali "mabaki". Katika machimbo ya dhahabu ya Chunya, mkoani Mbeya, mchanga uliokwisha kuchenjuliwa huitwa marudio, nao ni mali: huuzwa, hununuliwa na kuchenjuliwa upya. Mtu aliyejifunza uchimbaji huko, akifika Namtumbo na kuliona lundo la mabaki, ana sababu nzuri kabisa ya kulisogelea na koleo.