Saa iliyofichwa ndani ya kidani: usikimbilie kuiuza kwa gramu

Msikilizaji, ukikuta kwenye sanduku la marehemu bibi kidani kinene kuliko kawaida, usikipeleke haraka kwenye mizani. Huenda ndani yake mna saa.

Mapambo ya namna hiyo yalitengenezwa zamani Ulaya, hasa Uswisi, Ufaransa na Uingereza. Kwa nje ni bangili, pete au ua la kubana kifuani kwa pini. Ukibonyeza mahali fulani au ukisogeza kito, kifuniko kinafunguka na uso wa saa unaonekana, pengine mdogo kama kifungo cha shati. Sababu mojawapo ilikuwa adabu: mwanamke wa tabaka la juu akitazama saa mbele ya wageni, ilikuwa kama anawafukuza. Sisi leo tunatazama simu hata msibani.

Mwaka 1912, vibarua waliokuwa wakibomoa majengo mtaa wa Cheapside, London, walifukua vito vya kale karibu 500. Kimoja ni zumaridi la Colombia lenye pembe sita, lililochongwa ndani na kuwekwa saa ya miaka ya 1600 hivi. Kifuniko chake nacho ni zumaridi. Vibarua waliuza walivyookota kwa mnunuzi wa vitu vya kale aliyezoeana nao, na leo vitu hivyo ni hazina ya makumbusho.

Huku kwetu, ndugu wa karibu wa pambo hilo ni saa ya muuguzi inayoning'inia kifuani kwa pini. Ile haijafichwa, lakini imegeuzwa juu chini ili aisome mvaaji mwenyewe anapohesabu mapigo ya moyo.

Utaitambuaje iliyofichwa? Tafuta mstari mwembamba kama unywele pembeni, bawaba ndogo, au kifundo cha kutilia ufunguo. Usichokonoe kwa kisu. Ikifunguka, tazama chapa upande wa ndani: 750 ni dhahabu ya karati 18, 585 ni karati 14. Kwenye saa za Uswisi za kabla ya 1995, kichwa cha mwanamke ni karati 18, na kindi ni karati 14. Chapa huigizwa, kwa hiyo sonara apime mbele ya macho yako.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tumezoea kupima dhahabu kwa sumaku: ikinasa, ni feki. Lakini mashine ya saa ina chuma. Pambo la dhahabu halisi lenye saa ndani linaweza kunasa sumaku, ukaliuza kwa bei ya bati. Tena sumaku inavuruga springi nyembamba ya saa, ikaanza kukimbia. Hata spika ya redio unayotusikilizia ina sumaku, usiiweke saa hiyo juu yake.

Kama mishale au namba zilikuwa za kung'aa gizani, usizikwangue wala kuzipuliza. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu, na vumbi lake ni hatari likiingia mwilini.

Dhahabu ya Mpanda inauzwa kwa gramu, na ni sawa kwa sababu ni dhahabu tupu. Pambo lenye saa likiyeyushwa, unalipwa gramu za ganda tu, na kazi ya fundi aliyelitengeneza inapotea. Kabla ya kukubali bei, lipige picha likiwa limefungwa, kisha likiwa wazi, chapa zikionekana, na uwaonyeshe fundi saa na sonara, kila mmoja peke yake.