Riwaya ya Mapenzi katika Kiswahili: Historia Fupi na Vitabu vya Kupendekeza

Wanachuo wengi huihesabu riwaya ya mapenzi kuwa kitabu cha kupitishia wakati, kinachosomwa kitandani na kufichwa mwalimu anapobisha hodi. Makala haya yanashika rai nyingine. Kwa maoni yetu, riwaya ya mapenzi ni hati ya historia: inatuonyesha nani alikuwa na uwezo wa kuoza, nani alikuwa na haki ya kukataa, na gharama ya kukataa huko. Kwa hiyo tunapendekeza hapa vitabu vinne ambavyo tumevisoma au kuvirudia hivi karibuni.

Tuanze na hadithi ya ajabu. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert alichukua kisa chenye asili katika Alfu Lela Ulela akakivika maadili yake. Mna majini, mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndani ya mji huo Adili anamkuta Mwelekevu, msichana aliyesalia hai. Mapenzi hapa ni tuzo ya wema; kikwazo chake ni husuda ya ndugu, wala si mila wala mahari. Msomaji anayependa maajabu aanzie hapo, kwani lugha yake ni safi na kitabu ni chembamba.

Kitabu cha pili kinatutoa katika maajabu na kutuingiza nyumbani. Aniceti Kitereza, mzaliwa wa Ukerewe (1896–1981), alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na Bugonoka. Tafsiri ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilitoka mwaka 1980 tu. Bugonoka hapati mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga, na wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere hamtafuti mke mwingine. Anakwenda ukweni kuomba radhi, na inambidi kutoa pombe ya ndizi kuwa faini. Hili ni pendo la watu ambao wamekwisha kuoana, jambo ambalo riwaya nyingi huliacha pale arusi inapokwisha. Tena kitabu hiki kinamwonya mwanahistoria: anayepanga fasihi kwa mwaka wa kuchapishwa pekee atakiweka baada ya vitabu ambavyo kwa kweli kilivitangulia.

Kisiwa hicho hicho kilimzaa Euphrase Kezilahabi (1944–2020). Rosa Mistika (1971) ni riwaya ya mapenzi yaliyoharibiwa kabla hayajaota. Zakaria, baba mlevi na mkali, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya kijana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila kuwajua. Anapofika shuleni, mbali na fimbo ya baba, uhuru unamlemea, na mwisho wake ni kujiua. Kitabu kiliwahi kuzuiwa mashuleni Tanzania. Hata hivyo, swali lake ni la kila mzazi: je, ulinzi usio na mafundisho humlinda nani?

Cha nne ni Vuta n'kuvute (1999) cha Adam Shafi, kilichotengenezewa filamu mwaka 2021. Yasmin, msichana wa asili ya Kihindi, ameozwa kwa mzee Raza huko Unguja wakati wa ukoloni. Anamkimbia, anatengwa na jamaa zake, kisha anampenda Denge, kijana anayepigania uhuru na kuwindwa na polisi. Hapa pendo linavuka mipaka ya rangi na kugongana na serikali. Tukimlinganisha Yasmin na Mwelekevu, tunaona umbali uliosafiriwa na mwanamke wa riwaya ya Kiswahili: kutoka kupatikana hadi kuchagua.

Sasa tuvitazame vitabu vya biashara ambavyo wengi wetu tumevizoea kwa Kifaransa. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, Harlequin mjini Winnipeg mwaka 1949, na ya pili ikainunua ya kwanza mwaka 1971. Mjini Abidjan, mkusanyo wa Adoras ulianza mwaka 1998 ili wapendanao wawe Waafrika. Hatuvidharau. Lakini katika visa vyao vya likizo na sikukuu, wapenzi hukutana mbali na jamaa, ufukoni au mlimani, na ulimwengu hubaki wawili. Katika riwaya tulizozitaja, isipokuwa pengine ile ya ajabu, baba, shangazi na jirani hawaendi likizo kamwe. Hiyo ndiyo tofauti inayofaa kuchunguzwa darasani.

Na Kongo je? Mjini Lubumbashi Kiswahili kimeandika historia: André Yav aliandika habari za mji huo mwaka 1965 kwa lugha ya wakazi wake. Kikundi cha Mufwankolo kimeigiza ugomvi wa mume na mke mbele ya umati. Mapenzi tunayasema kwa Kiswahili, tunayaimba, tunayagombania. Kisha tukitaka kuyasoma, tunafungua kitabu cha Kifaransa. Hatuna budi kuviingiza vitabu hivi vinne katika maktaba zetu na katika mada za tasnifu. Wala isiwe kwa kusoma tu. Mwanafunzi atakayeandika, kwa Kiswahili cha mtaa wake, jinsi mahari ya dada yake ilivyojadiliwa usiku kucha, atakuwa amewaachia wanahistoria wa kesho hati ambayo leo hawana.