Kifurushi cha kimataifa

Kifurushi cha kimataifa ni mzigo mdogo unaotumwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kupitia posta au kampuni binafsi kama vile DHL, FedEx na UPS. Watu wanaoishi ugenini hukitegemea kupata vyeti, vitabu au nguo kutoka nyumbani. Matatizo yake hutokea hasa mwishoni mwa safari: kwenye anwani, forodhani na katika kudai fidia.

Posta na kampuni binafsi

Posta za nchi mbalimbali hushirikiana chini ya Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa mwaka 1874 mjini Bern, Uswisi. Kifurushi kikifika hukabidhiwa kwa posta ya nchi ya mpokeaji. Namba yake ya ufuatiliaji huwa na herufi 2, tarakimu 9 na herufi 2 za nchi kilikotoka (TZ ni Tanzania, KE ni Kenya). Namba hiyohiyo hutumika kwenye tovuti ya posta inayopokea, jambo ambalo wengi hawalijui.

Kampuni binafsi hupeleka mzigo hadi mlangoni, lakini kwa kawaida si kwenye sanduku la posta. Kwa mzigo unaokwenda Afrika Mashariki, ambako watu wamezoea kuandika S.L.P., ni lazima kutaja pia mtaa, jengo na namba ya simu.

Forodha

Mtumaji hujaza tamko linaloeleza vilivyomo na thamani yake. Neno "zawadi" peke yake halitoshi. Tangu tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa bidhaa za bei ndogo zinazonunuliwa nje. Marekani ilisitisha msamaha wa ushuru kwa bidhaa zisizozidi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Mara nyingi kampuni hulipa kodi kwanza, kisha humdai mpokeaji pamoja na ada yake. Matapeli hutumia mazoea hayo kutuma ujumbe wa kudai "ushuru" wa kifurushi ambacho hakipo. Namba ya ufuatiliaji inapaswa kuhakikiwa kwenye tovuti rasmi kabla ya kulipa.

Fidia

Malalamiko kwa posta hupokelewa ndani ya miezi 6 tangu kutuma, na kwa kawaida anayedai ni mtumaji, kwa hiyo anapaswa kutunza risiti.

Mizigo ya kampuni inayosafirishwa kwa ndege kati ya nchi wanachama huongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Uharibifu huripotiwa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea, ucheleweshaji ndani ya siku 21, na kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2. Fidia hupimwa kwa uzito, isipokuwa mtumaji awe ametangaza thamani na kulipia nyongeza. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo ni SDR 26 kwa kilo, yaani takriban dola 35. Kwa hesabu hiyo, cheti cha chuo chenye gramu 200 kikipotea hulipwa chini ya dola 10.